Biskuti Iliyookwa Mara Mbili

Jina biskuti asili yake ni maneno mawili ya Kilatini, "bis" na "coctus", yaani iliyopikwa mara mbili. Zamani askari na mabaharia wa Kirumi walibeba mikate iliyokaushwa sana, kwa sababu mkate laini huota ukungu baada ya siku chache, bali mkavu hudumu safari nzima.

Katika mji wa Prato, Italia, desturi hiyo ingalipo. Huko Antonio Mattei alifungua duka lake mwaka 1858, na hata leo biskuti hizo zinauzwa. Unga wa ngano, mayai, sukari na lozi hukandwa, donge likafinyangwa kama gogo dogo na kuokwa. Likiwa bado na joto hukatwa vipande, navyo hurudishwa tanurini ili maji yaliyosalia yatoke. Huwa ngumu, hata wenyeji huzichovya katika divai kabla ya kuzitafuna.

Hapa Newala hatuna lozi, tuna korosho. Lakini siri ya kukausha tunaijua: ndiyo inayogeuza muhogo kuwa makopa. Hatari huja tunapofunga chakula kabla hakijakauka. Mahindi na karanga zenye unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kuchemsha au kukaanga hakuimalizi. Huharibu ini, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya ini. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo, na 20 kati yao wakafa.

Kwa hiyo, akina baba na akina mama, zingatieni haya:

1. Anikeni juu ya mkeka, turubai au kichanja, si juu ya udongo. Ingizeni ndani kabla ya umande.

2. Hakikisheni chakula kimekauka kabla ya kukifunga. Karanga kavu hulia ndani ya ganda ukiitikisa; kopa kavu huvunjika, halikunjiki.

3. Wekeni magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

4. Chambueni punje zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi, mzifukie. Msiwape kuku, wala msizipikie pombe.

Mtoto mdogo hula uji uleule kila siku, basi sumu humdhuru upesi kuliko mtu mzima. Nafaka ya uji wake ichambuliwe kwanza, ndipo ipelekwe mashineni.