Sala Isiyosikika Kanisani

Hesabu sala za mchungaji wa usharika kwa siku moja ya kawaida. Asubuhi amefungua kikao cha wazee wa kanisa kwa sala, akakifunga kwa sala. Mchana amemwombea mgonjwa wodini, akabariki chakula nyumbani kwa wafiwa, akasimama makaburini. Jioni amefundisha darasa la kipaimara. Usiku simu inaita, mama mmoja anataka aombewe humo humo kwenye simu. Amelitaja jina la Mungu kuliko muumini yeyote wa usharika wake, na huenda kutwa nzima hajazungumza na Mungu habari za nafsi yake mwenyewe.

Nimefundisha watumishi kwa miaka mingi, na hili nalihofia kuliko uvivu. Mvivu anajijua. Huyu hawezi kujigundua, maana maneno ya sala hayabanduki kinywani mwake. Sala ya hadharani husikiwa na Mungu na kusanyiko pia, na bila mtu kukusudia, moyo huanza kuelekea kwa kusanyiko: sauti inapanda pale inapotarajiwa kupanda, “amina” inasubiriwa.

Ni ugonjwa wa zamani. Mwaka 1145 aliyekuwa mtawa wa Bernardo, abate wa Clairvaux huko Ufaransa, alichaguliwa kuwa Papa, akaitwa Eugenio III. Bernardo alimwogopea. Baadaye alimwandikia kitabu kuhusu kutafakari, akimsikitikia kwa kuketi toka asubuhi hadi jioni akisikiliza kesi za watu. Humo anaeleza jinsi moyo unavyokufa ganzi: mzigo usiovumilika leo, ukiuzoea unakuwa mwepesi, halafu huuhisi tena, mwisho unaupenda. Hakumwambia Papa awakimbie watu. Alimkumbusha kwamba, akiwa ni wa watu wote, basi na yeye ni mmoja wa hao wote, naye ana haki ya kupata sehemu ya muda wake.

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, katika kanuni ya 276, inawadai mapadre Liturujia ya Vipindi, yaani masifu, kila siku. Lakini kanuni hiyo hiyo inawahimiza pia kudumu katika sala ya moyoni. Naona busara kubwa hapo: hata masifu yaliyosaliwa kwa uaminifu yanaweza kugeuka kazi iliyokamilishwa.

Kwa upande wa Walutheri, mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, kijitabu cha namna ya kuomba. Anakiri humo kwamba yeye mwenyewe hupoa, shughuli na mawazo vikimzidi. Njia yake ni nyepesi. Chukua amri moja katika zile kumi, ujiulize: inanifundisha nini, nishukuru kwa lipi, nitubu lipi, niombe lipi? Wanafunzi wangu nawapa njia hii hii, nao wakitaka kuitumia kwa aya ya Biblia naongeza sharti moja: isiwe aya ya mahubiri ya Jumapili ijayo. Ukiisoma hiyo, baada ya dakika mbili utakuwa unawatafutia wengine la kuwaambia, na lile swali la toba litakuwa limewahamia wao.

Wengi hunijibu kwamba muda haupo, watu wanawasubiri. Hapo nawafungulia Marko sura ya kwanza. Jioni mji mzima wa Kapernaumu ulikuwa umekusanyika mlangoni pa nyumba aliyokuwamo Yesu, na wagonjwa wengi waliponywa. Kabla hakujapambazuka Yesu aliondoka, akaenda mahali pasipo watu, akaomba. Simoni na wenzake wakamfuata mbio na habari ambayo kila mtumishi anaijua: watu wote wanakutafuta. Naye, akitoka katika maombi yale, hakurudi mlangoni pale. Aliwaambia waende katika vijiji vingine, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoijia.