Wafalme wa Wabritoni (5): Dunvallo Molmutius na Heshima ya Plau

Magazeti yalipojaa habari za taji alilovikwa Charles wa Tatu huko Westminster, tarehe 6 Mei 2023, zaidi ya kilo 2 za dhahabu na vito, kazi ya mafundi wa mwaka 1661, moyo wangu ulikwenda kwa Dunvallo Molmutius, ambaye msimulizi Geoffrey of Monmouth asema alijifanyizia taji la dhahabu, na Shakespeare akamtaja kuwa wa kwanza kulivaa. Lakini taji ni pambo, na mapambo hata dhalimu huyapata.

Juma lililopita tulimwacha Porrex amekwisha kuuawa na mamaye, na nchi yararuliwa na wafalme watano. Dunvallo, mwana wa Cloten wa Cornwall, alimwua Pinner wa Loegria, ndiyo Uingereza. Kisha Rudaucus wa Cambria (ndiyo Wales) na Staterius wa Uskochi walipoungana kumpinga, na vita vikawa havina mshindi, aliteua vijana 600, akavaa pamoja nao deraya za maadui waliouawa, akapenya nao hadi walipo wafalme wale, wakauawa. Naye akafanya haraka kurejea katika silaha zake mwenyewe, akichelea asije akauawa na askari wake. Hila hiyo siisifu, japokuwa vitani hila haikosi wakili.

Akatawala miaka 40, na sheria alizoziweka zikaitwa kwa jina lake: ya kuwa mtoro au mwenye hatia akikimbilia hekalu au mji, atoke hali amesamehewa, wala adui yake asimguse, na himaya hiyo hiyo zikapewa njia ziendazo huko, na plau za wakulima. Msomaji, zingatia hilo la plau! Hekalu kuwa na himaya si ajabu, dini nyingi zimelijua hilo; bali mfalme huyu, ambaye wanatarehe hawasadiki kuwa alipata kuishi, wasimulizi wake walimpa busara ya kukitukuza chombo kilichojaa udongo kama itukuzwavyo madhabahu, busara isiyowajia watawala wengi wa kweli, wamjuao mkulima siku ya ushuru tu. Mipaka ya njia hakuibainisha, watu wakabishana, hata mwanawe Belinus akalazimika kujenga barabara ya mawe toka Cornwall hadi Caithness ili shaka iondoke.

Alizikwa Trinovantum, ndiyo London, karibu na hekalu la Mapatano alilolijenga mwenyewe. Na mara Belinus na nduguye Brennius wakagombea taji lile. Jinsi mama yao Tonwenna alivyoingia kati ya majeshi mawili kuwasuluhisha, tutaieleza juma lijalo, inshallah.