ELIMU YA MTOTO NI LINDO LA WOTE

Kila asubuhi huko Kagarama, wilayani Kicukiro, jijini Kigali, mtoto wa mwenye mali na mtoto wa kibarua hupanda kilima kimoja kwenda shule. Mwisho wa mwaka mmoja hufaulu, mwingine hufeli. Wengi husema upesi kwamba aliyefeli ni mvivu. Kauli hiyo ni nyepesi mno.

Oktoba 2021, Wizara ya Elimu ya Rwanda ilipotangaza matokeo ya mitihani ya taifa, wanafunzi zaidi ya 60,000 walitakiwa kurudia darasa. Je, uvivu ulizuka ghafla? Shule zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya Korona, zikaanza kufunguliwa Novemba. Katika miezi hiyo, mwenye redio, vitabu na mzazi wa kumsimamia hakuwa sawa na asiye navyo.

Ndugu askari, mambo yamrudishayo mtoto nyuma yanajulikana: njaa, maradhi, ugomvi wa nyumbani, kuhamahama, na kufundishwa kwa lugha asiyoisikia kwao. Zaidi ya yote ni kukosa usalama. Tarehe 11 Aprili 1994, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoiacha shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, watu zaidi ya 2,000 waliokimbilia humo waliachwa mikononi mwa wauaji. Palipo na lindo lililoachwa, hapana shule.

Hata hivyo, mtoto aliyepatwa na dhiki hakuhukumiwa kushindwa. Mwaka 1996, katika Chuo Kikuu cha Taifa mjini Butare, wanafunzi walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi waliunda chama cha AERG. Walijipanga katika familia. Mmoja akawa baba, mwingine mama, ingawa wote walikuwa vijana. Aliyeugua aliuguzwa, aliyekata tamaa aliulizwa habari za masomo yake.

Walichokifanya kinapatana na utafiti wa mbali. Mtaalamu Emmy Werner aliwafuatilia kwa miongo mingi watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii. Miongoni mwa waliokulia katika umaskini na nyumba zenye misukosuko, mmoja kati ya watatu alikua mtu mzima mwenye uwezo na imara. Wengi wao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja asiyewaacha: bibi, mwalimu au jirani.

Serikali ina sehemu yake. Chakula cha shuleni kimepanuliwa tangu mwaka 2021, na mwaka 2022 mchango wa mzazi katika shule za msingi za umma uliwekwa faranga 975 kwa muhula. Lakini sahani ya chakula haiulizi, “Leo umejifunza nini?” Swali hilo ni la mzazi.

Askari huhamishwa, hukesha doria, hutumwa mbali na jamaa yake. Kwa hiyo anapopata uhamisho, kwanza amtafutie mtoto nafasi ya shule. Akiwa safarini, amkabidhi kwa mtu mmoja anayeaminika, naye aulize habari za daftari kama anavyouliza habari za afya. Askari haachi lindo kabla ya kupokewa. Mtoto naye asiachwe bila wa kumpokea.