Kiyoyozi cha Gari Kinapotoa Joto: Tuulize Gesi Imekwenda Wapi

Uingiapo msimu wa kaskazi, gari lililoegeshwa juani Mombasa, Kilifi au Malindi huwa mfano wa tanuri. Mama huwapakia watoto, akawasha kiyoyozi, kikampulizia hewa ya joto usoni. Jawabu la wengi wetu ni lile lile: gesi imekwisha, ikatiwe nyingine. Hutiwa, baridi ikarudi, fedha zikalipwa. Na kabla ya miezi mitatu kupita, joto limesharudi.

Tumeona vyema tulifafanue jambo hili, kwa kuwa linazigharimu familia zetu fedha ambazo zingelipa karo. Gesi ya kiyoyozi si kama petroli. Haichomwi, wala haiishi kwa kutumika. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi hupungua kidogo kidogo kupitia mipira na maungio. Lakini ikitoweka kwa miezi michache, pana tundu mahali. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Hapa nafuu ni ya muuza gesi, na hasara ni ya mwenye gari.

Kiyoyozi hakiumbi baridi, bali huhamisha joto. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huibana gesi ikawa ya moto na yenye shinikizo kubwa. Gesi hiyo hupita katika kondensa, ile sahani yenye mapezi membamba iliyo mbele ya rejeta, ikapoteza joto lake kwa upepo na kugeuka majimaji. Kisha hupenyezwa katika kitundu chembamba na kuingia evapureta, nyuma ya dashibodi. Hapo shinikizo hushuka, majimaji yale huchemka na kulifyonza joto la hewa tunayopuliziwa. Unyevu wa hewa hiyo hudondoka chini ya gari. Matone hayo si ugonjwa, ni dalili ya uzima.

Kabla ya kwenda gereji, yako mambo manne ya kutazama nyumbani.

Kwanza, vitufe. Kidude cha joto kiwe kwenye baridi kabisa, taa ya kiyoyozi iwake, na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kibonyezwe.

Pili, nguvu ya hewa. Ikiwa hewa ni baridi lakini ni chache, huenda chujio limejaa vumbi. Katika magari mengi chujio hilo liko nyuma ya kijisanduku cha mbele ya abiria, na kulibadilisha si kazi kubwa.

Tatu, kompresa. Injini ikiwaka, boneti lifunguliwe na mwenzako abonyeze kitufe. Katika magari mengi husikika mlio mmoja mkavu, na uso wa puli ya kompresa ukaanza kuzunguka. Usipozunguka, yawezekana fyuzi imeungua, rilei imekufa, au gesi imepungua hata swichi ya shinikizo ikaizuia kompresa isijiharibu. Mikono, buibui na mtandio vikae mbali na mkanda na feni.

Nne, mwendo. Ikiwa gari hupoza likienda, likatoa joto likisimama kwenye foleni ya feri ya Likoni, ishukiwe feni ya mbele, au kondensa iliyozibwa na vumbi na majani. Chumvi ya bahari nayo huyala mapezi yake. Huoshwa kwa maji safi yasiyo na nguvu nyingi, injini ikiwa imezimwa na kupoa.

Haya yakiwa sawa, ndipo tuende kwa fundi, nasi tukijua la kuuliza. Mvujo huacha alama: doa la mafuta lililonasa vumbi penye maungio, kwani mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Fundi mjuzi huutafuta kwa povu la sabuni, kwa kifaa cha kunusa gesi, au kwa rangi inayong'aa chini ya taa maalumu. Akishabadilisha kipande kilichotoboka, hufyonza hewa na unyevu kwa pampu, nusu saa au zaidi, ndipo atie gesi kwa kuipima.

Chini ya boneti pamebandikwa karatasi inayotaja aina ya gesi na uzito wake. Magari mengi yanayotoka Japani hutumia R-134a, iliyoshika nafasi ya R-12 baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987 uliokusudiwa kulinda tabaka la ozoni; mengi ya miaka ya karibuni hutumia R-1234yf. Hazichanganywi. Magari mengi madogo hubeba kati ya gramu 400 na 600 hivi, na ikizidi, baridi hupungua vilevile.

Basi maswali ni matatu: mvujo uko wapi? Umefyonza kwa muda gani? Umetia gramu ngapi? Majibu yaandikwe kwenye risiti.

Tunausia pia, asikubali mtu kutiliwa gesi ya kupikia, kwani ni ya kuwaka na gari hubeba roho za watu. Wala asilegeze mabomba mwenyewe. Gesi ikiruka huunguza ngozi na macho kwa baridi yake. Na kiyoyozi kiwe kizima au kibovu, mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Kwa dakika 10 tu joto la ndani huweza kupanda kwa nyuzi 10.

Kwa ndugu zetu mafundi, wapo wengi waaminifu, nao tunawaombea baraka. Lakini anayejua kwamba bomba limetoboka, akatia gesi na kunyamaza, ameuza kitu anachojua hakitakaa. Gesi hupimwa kwa mizani, na mizani katika dini yetu ni amana. Mama akisimama gerejini na kuomba aione mizani hiyo, asionekane msumbufu; anadai haki yake, na fundi mwema humgeuzia aisome.