Kutoka ikulu hadi kuukuu: majumba ya Wazungu na maneno tunayoyapa

Msomaji mmoja wa mtaa wa Kaloleni, hapa Nairobi, ameniletea swali ambalo sijalitua tangu nilisome. Anasema kila akifungua gazeti au redio, nyumba aliyoishi Karen Blixen huitwa "turathi ya taifa". Lakini nyumba aliyozaliwa yeye, ya mawe na vigae, iliyojengwa miaka ya 1940, huitwa "jengo kuukuu". Zote zilijengwa enzi za mkoloni, na tofauti ya umri wao ni kama miaka thelathini tu. "Profesa," anauliza, "hii ni lugha au ni dharau?"

Ni zote mbili, lakini tuanze na lugha maana ndiyo kazi ya safu hii.

Ulaya ya zamani, bwana mwenye ardhi alijenga jumba lake katikati ya shamba, na waliomlimia wakaishi pembeni. Jumba hilo halikuwa la kulala tu. Mazao yaliletwa hapo, kodi ililipwa hapo, na kesi ndogo ndogo za wakulima ziliamuliwa hapo, bwana mwenyewe au msimamizi wake akiwa hakimu. Waingereza huliita manor, neno lililopitia Kifaransa kutoka kitenzi cha Kilatini manere, yaani kukaa. Kwa hiyo si mbali na "makao" yetu. Kadiri karne zilivyopita, mahakama ikahama na kodi ikapelekwa kwingine, pakabaki fahari. Karne ya 20 ikaja na vita viwili vikuu, kodi za urithi na uhaba wa watumishi. Majumba mengi ya Uingereza yakageuzwa hospitali za askari, kisha shule, hoteli au makumbusho. Mengine yalibomolewa, watu wakauza mawe.

Waliokuja Kenya mwanzoni mwa karne hiyo walikuja na picha ya jumba hilo kichwani. Ile nyumba ya Blixen ilijengwa na Mswidi mmoja, Åke Sjögren, mwaka 1912. Blixen akaishi humo hadi 1931 shamba la kahawa liliposhindikana. Uhuru ulipopatikana, serikali ya Denmark iliinunua na kuikabidhi Kenya. Ikatumika na chuo cha lishe, na mwaka 1986, muda mfupi baada ya sinema ya Out of Africa kutoka, ikafunguliwa kuwa makumbusho. Jina lake la asili ni Mbogani, na wageni huambiwa maana yake ni nyumba ya msituni. Mimi kila nikilisikia nawaza mboga, na rafiki yangu mmoja huwaza mbogo, yule nyati. Wageni na waendelee na msitu wao.

Jumba linalonivutia zaidi ni Chiromo. Lilijengwa na Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyejulikana kwa kusafiri kutoka Cape hadi Cairo, safari aliyoimaliza mwaka 1900. Jina alilitoa Malawi, mahali ambapo mto Ruo huingia mto Shire. Baadaye jumba likawa la William Northrup McMillan, tajiri mnene wa Marekani ambaye pia alikuwa na shamba la Juja, alikomkaribisha Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909. McMillan alifariki mwaka 1925 na kuzikwa Ol Donyo Sabuk. Na Chiromo je? Jina la nyumba ya bwana mmoja likawa jina la bewa zima la Chuo Kikuu cha Nairobi. Kisha likapata maana ya pili, maana hapo pana mochari. Leo ukimwambia mkazi wa Nairobi kwamba fulani yuko Chiromo, atasita kwanza. Anasoma, au tuanze kuchanga?

Hebu tazama kilichotokea hapo. Mjenzi amesahaulika, na mahali alikolitoa jina pamesahaulika pia. Neno limekamatwa na kazi inayofanyika pale sasa. Kiswahili kimezoea kufanya hivyo, na ushahidi wake mkubwa zaidi uko Mombasa.

Wareno walijenga Ngome ya Yesu kati ya 1593 na 1596. Ndani yake palikuwa na kanisa, na kanisa kwa Kireno ni igreja. Waswahili wakalidondosha lile i la mwanzo, wakatia irabu kati ya g na r, na ile sauti ya j ya Kireno ikawa z: gereza. Hapo awali neno hilo halikuwa na harufu ya mahabusu. Lilitaja ngome. Mpaka leo ukienda Kilwa Kisiwani utaonyeshwa boma la mawe linaloitwa Gereza, na anayelitembelea bila kujua historia hii hutafuta pingu ukutani. Mwaka 1698 Waomani waliiteka Ngome ya Yesu baada ya kuizingira kwa muda mrefu, ikawa kambi ya askari. Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ikawa makumbusho baada ya hapo, na mwaka 2011 UNESCO ikaiorodhesha kuwa turathi ya dunia. Wafungwa waliondoka pale zamani, lakini neno halikutoka nao. Nyumba ya ibada ya Mreno ndiyo leo tunayomtishia mwizi wa kuku.

Kasri nalo lina safari. Tumelipata kwa Waarabu, nao inasemekana walilipata, kupitia lugha za jirani, kutoka Kilatini castrum, kambi ya askari. Neno castle la Waingereza limetoka shina hilohilo. Kwa hiyo anayesema "kasri la Lord Egerton" kule Njoro, akimaanisha lile jumba la mawe alilojengewa mwanamume asiye na mke wala mtoto, ametafsiri neno kwa nduguye wa damu.

Sasa nirudi kwa msomaji wangu na lile kuukuu lake.

Mwaka 1907 Waingereza walimjengea gavana wao jumba juu ya kilima Nairobi. Baada ya uhuru likawa makao rasmi ya rais, nasi tukaliita Ikulu. Neno hilo halikuzaliwa Nairobi wala pwani. Ni la Unyamwezini, ambako ikulu ni makao ya mtemi. Tanzania ililipokea katika Kiswahili cha serikali, nasi tukaliazima kwa jirani. Shina lake ni -kulu, lenye maana ya ukubwa na pia ya utu uzima. Shina hilo limeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Kiswahili sanifu kiliidondosha ile l, ndiyo maana tunasema -kuu: mwalimu mkuu, barabara kuu, nguzo kuu.

Na kuukuu? Ni -kuu iliyorudiwa mara mbili. Yaani neno la jumba la rais na neno la nguo iliyochanika kwapani ni watoto wa shina moja. Kitu kilikuwa kikubwa kwa umri, tukasema ni kikuu, na kikizidi umri huo tukakirudia: kikuukuu. Kati ya mara ya kwanza na ya pili heshima ikapotea. Angalia pia kwamba hatusemi mtu ni mkuukuu. Mtu huwa mzee, na mzee huamkiwa. Kuukuu tumeliachia vitu, hasa vile tunavyotaka kuvitupa.

Hapo ndipo dharau inapoingia. Lugha yetu haikosi maneno ya heshima kwa jengo la zamani. Tunayo "la kale", "la kihistoria", "turathi". Tunayo pia ya masikitiko: gofu, ambalo ni jengo lililobaki kuta tupu, na mahame, mahali palipohamwa na watu. Mwandishi wa habari anachagua. Akifika Karen anachukua la kwanza. Akifika Eastlands anachukua kuukuu au chakavu, na mara nyingi sentensi inayofuata ina neno "kubomolewa".

Mtasema profesa anatetea kuta. Basi nieleze kuta hizo zina nini.

Kaloleni ilijengwa na baraza la mji kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Jina ni la pwani, sawa na Kaloleni ya Kilifi. Wenyeji hulieleza kwa kitenzi cha Kigiriama cha kutazama: kaloleni, nendeni mkatazame. Katikati ya mtaa pana ukumbi ambao vijana huuita sosho. Aprili 23, 1950, katika ukumbi huo, Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na kile cha Wahindi wa Afrika Mashariki, akataka maeneo haya yapewe uhuru kamili mara moja. Wakati huo wanasiasa wengi walikuwa bado wanaomba viti viwili vitatu zaidi kwenye baraza la kutunga sheria. Mwezi uliofuata, Mei 15, alikamatwa pamoja na Fred Kubai, mwenzake katika vyama vya wafanyakazi. Hakuachiliwa hadi 1961. Nitajieni jumba moja la Karen ambamo maneno mazito kama hayo yalitamkwa.

Hatua chache kutoka ukumbini pana maktaba ndogo, na hapa tunakutana tena na bwana wa Chiromo. McMillan alipofariki, mjane wake Lucie alijenga maktaba ya kumkumbuka katikati ya mji, ile yenye simba wa mawe mlangoni, karibu na Msikiti wa Jamia. Ilifunguliwa mwaka 1931, kwa Wazungu peke yao. Mwafrika alisubiri hadi 1958 kuingia kama msomaji, na mwaka 1962 ikawa mali ya baraza la jiji. Maktaba ya Kaloleni na ile ya Makadara ni matawi yake. Mali ya bwana wa jumba, kwa njia ndefu ambayo bila shaka hakuikusudia, imefika kwa mtoto wa Eastlands anayetafuta meza ya kufanyia hesabu za shule, maana chumba cha kwao kina kitanda, jiko na watu sita. Tangu mwaka 2017 shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likizikarabati maktaba hizo. Nimeingia ya Kaloleni mara kadhaa, na sikuona kikuukuu chochote pale ila baiskeli ya bawabu.

Lakini ona sheria inavyosema. Jengo la katikati ya mji lina sheria yake mahususi ya Bunge inayobeba jina la McMillan. Ukumbi wa Kaloleni haujatungiwa ya kwake. Pangani ya zamani imeshaondoka na ghorofa zimepanda mahali pake. Sipingi ghorofa. Watu wanahitaji vyoo vya ndani na maji ya mfereji, na anayeishi Karen asimwimbie mtu wa Shauri Moyo uzuri wa choo cha pamoja. Ninachopinga ni kesi kuamuliwa na kivumishi kabla ya mtu kuuliza ni nini kilitendeka ndani ya nyumba. Tingatinga halisomi gazeti, lakini anayelituma husoma.

Kwa hiyo namjibu msomaji hivi: mwandishi akiita nyumba yako kuukuu, mwandikie. Mwambie aseme "nyumba za miaka ya 1940", kisha aeleze paa linavuja wapi na nani alipaswa kulitengeneza. Huo ndio ukweli wa jambo, na mhariri hawezi kuukata.

Alikuwa na swali jingine dogo: je, ni "maktaba haya" au "maktaba hii"? Ile ma- ya mwanzo huwahadaa wengi, hata walimu, wakadhani ni kiambishi cha wingi. Maktaba limetoka Kiarabu, na ma- ni sehemu ya neno lenyewe. Liko katika ngeli ya I-ZI: maktaba hii imefunguliwa, maktaba hizi zimefunguliwa. Makumbusho, kwa upande wake, ni letu, kutoka kukumbusha, nalo ni la YA-YA: makumbusho haya yamefunguliwa. Jumba na gereza ni LI-YA. Kasri wengine huliweka LI-YA na wengine I-ZI. Mimi husema kasri hili, makasri haya.