Fahamu: Kichanga akikata pumzi ghafla, apimwe nini?

Mtoto ananyonya, mara analegea, midomo inageuka buluu. Sekunde chache baadaye analia kama kawaida. Mama anafika hospitali akitetemeka. Je, mtoto achomwe sindano ya mgongoni kutafuta maambukizi?

Mwaka 2016, chama cha madaktari wa watoto Marekani kilijibu: si kila mara. Kama amepita siku 60, hakuzaliwa kabla ya wiki 32, ni mara ya kwanza, tukio halikufika dakika moja, hakuhitaji kuhuishwa na mhudumu wa afya, na daktari haoni la kutia shaka, asitolewe damu wala maji ya uti wa mgongo kutafuta maambukizi. Anaweza kuangaliwa saa 1 hadi 4 kwa kibanio cha kupima oksijeni, pengine apimwe kifaduro.

Aliye chini ya miezi miwili ni habari nyingine kabisa. Kwake maambukizi ya damu yanaweza kuanza kwa kukata pumzi tu, bila homa. Joto kufika 38, au kushuka chini ya 35.5 (hili wengi hulisahau), au kukataa kunyonya: vipimo vyote, na antibiotiki bila kungoja majibu.