Fahamu: Kwa nini kutazama ndege huweza kuleta shaka ya ujasusi

Mkaazi wa Bwejuu apendaye kutazama ndege hana budi avuke kisiwa cha Unguja mpaka Kisauni, penye Kiwanja cha Ndege cha Abeid Amani Karume, ambako huzisoma alama za usajili zilizoandikwa ubavuni mwa ndege karibu na mkia: 5H ni ya Tanzania, 5Y ya Kenya, na 5X ya Uganda; burudani hiyo yenyewe haina madhara.

Lakini pale abiria na jeshi wanapotumia kiwanja kimoja, kama ilivyo Entebbe, ambako makomando wa Israeli waliziteketeza ndege za kivita za Uganda Julai 1976, daftari na kamera za mtazamaji hudhaniwa kuwa zana za ujasusi, kwani namba za ndege na saa za kuruka kwake, zikikusanywa, humjulisha adui nguvu za jeshi. Masaibu hayo yaliwafika Waingereza 12 na Waholanzi 2 waliokamatwa Kalamata, Ugiriki, Novemba 2001, wakahukumiwa mwaka uliofuata, kisha rufaa ikawaokoa.

Basi mwenye hamu hiyo na aombe idhini kwanza, asielekeze kamera upande wa askari, na akikatazwa atii pasi na ubishi.